Mtihani wa Mkalimani

Mambo haya yalitokea mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nimekosea. Ishirini na mbili ulikuwa mwaka wa kura, na pale Kosele hapakuwa na ukuta usio na uso wa mgombea. Wakati wa mambo haya nyuso zile zilikuwa zimekwisha kupauka, mwingine amebaki sikio na tai tu. Basi weka ishirini na tatu, mwaka ule ambao darasa la nane lilifanya mtihani wa mwisho wa aina yake, na wenye maduka wakabaki wakijiuliza zile sakses kadi, kadi za kuwatakia watahiniwa heri, zilizojaa kwenye makasha watamuuzia nani. Hilo la kadi lishike vizuri, maana litarudi.

Siku hizo palikuwa na fundi wa mota pale sokoni Kosele, jina lake Onsongo. Kwa kuzaliwa ni Mkisii, lakini alikuwa ameishi kwa Waluo muda mrefu hata akikasirika alikasirika kwa Dholuo, lugha yao. Kazi yake ilikuwa kuzifufua mota zilizoungua. Mota ikiletwa inanuka moshi, anaifungua, anang'oa shaba iliyoungua, anazungusha nyaya mpya taratibu kama mwanamke anayesuka nywele za bintiye, kisha anaipaka vanishi na kuianika juani. Mikono yake ilinuka vanishi hata siku ya Sabato, na walioketi karibu naye kanisani walishazoea.

Mkewe, Priscah, aliuza nyanya sokoni siku za kazi. Siku ya Sabato alikuwa mtu mwingine kabisa. Mhubiri akija kutoka nje na Kiswahili chake, Priscah ndiye aliyesimama kando yake kufasiri. Mhubiri anasema sentensi moja. Priscah anaitoa kwa Dholuo, akiona wazee wa Kisii wanasinzia anawatupia ya Ekegusii, na kama kuna wageni waliotoka upande wa mpaka, anaongeza kile kidogo cha Kikuria alichookota Isebania akinunua vitunguu. Watu walisema mahubiri ya Priscah yalikuwa marefu kuliko ya mhubiri, na matamu zaidi.

Sasa, jirani ya Onsongo alikuwa mama mmoja Mluo aliyeitwa Milka, mwenye poshomili. Mashine yake ya kusaga ilikuwa na tabia moja mbaya. Kila alipoiwasha, soko zima liliinamisha kichwa. Taa zilififia, televisheni ya hotelini ilizimika mpira ukielekea golini, na mashine ya kinyozi ilikwama katikati ya kichwa cha mteja na kumng'ata. Paliwahi kuwa na mzee aliyeenda mazishini na nusu ya nywele kwa sababu ya unga wa Milka. Milka alinunua mota nyingine, nzuri, ya fezi tatu, yaani inayokula umeme wa nyaya tatu kwa zamu, isiyo na makeke, lakini umeme uliopita mbele ya kibanda chake ulikuwa wa fezi moja. Mota ikakaa pale imefunikwa gunia, kama bibi harusi aliyeletwa nyumba isiyo na mlango.

Onsongo aliiwaza mota ile Sabato moja kanisani, wakati alipopaswa kuwaza mambo mengine. Alimtazama mhubiri, akamtazama mkewe. Lugha moja inaingia kwa Priscah, lugha tatu zinatoka. Akafungua mdomo, na mzee wa kanisa akadhani neno limemgusa.

Jumapili akaanza kazi. Alichukua kontrola ya bodaboda ya umeme iliyopata ajali, akachukua inveta ya sola iliyopigwa na radi, akanunua kapasita Migori, akabadilisha hiki, akaunguza kile, akatukana kwa Dholuo, mwishowe akapata boksi la bati lenye mapezi ubavuni ya kupoza joto. Fezi moja inaingia, fezi tatu zinatoka. Na kwa kuwa alimheshimu mkewe, boksi hilo halikuanza kazi kwa kupayuka. Liliiinua ile mota polepole, kama mzee anayenyanyuka kitini. Milka akasaga debe la kwanza na taa za soko hazikupepesa hata jicho. Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi kuuliza kama poshomili imefungwa.

Onsongo akachukua brashi ya rangi, akaandika kwenye bati: MKALIMANI.

Basi watu wa soko wakampeleka Onsongo na boksi lake Homa Bay kwenye maonyesho ya wavumbuzi, na hapo ndipo raha ilipoanza kuharibika. Mheshimiwa mmoja wa kaunti, mwenye suti na watu wa kumbebea simu, alipiga picha akiwa ameshika boksi upande wa juu chini. Akamwambia, "Mzee, hii kitu uikatie patenti haraka. Kwa Kiswahili sanifu inaitwa hataza. Bila hiyo, Migori watakunyang'anya."

Onsongo hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Aliporudi akawaambia watu anakwenda kutafuta hataza, na wengi wakasikia hatari, maana neno hilo walilijua. Lilikuwa limebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme pamoja na fuvu la kichwa. "Jaduong'," Milka akamwambia, kwa ile heshima ya Waluo ya kumwita mtu mzima, "hatari ya nini tena? Si mashine inasaga?"

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Unajua, Onsongo aliacha shule darasa la sita, baba yake alipohama na familia nzima na ng'ombe wawili. Katika maisha yake yote alikuwa na karatasi mbili zenye jina lake: kitambulisho, na cheti cha ubatizo ambacho panya walikula herufi mbili za mwisho. Wazo kwamba serikali ingeweza kuandika mahali, kwa muhuri, kwamba kitu hiki kilitoka kichwani mwa Onsongo wa Kosele, lilimfanya asilale vizuri. Wenye mashine za kusaga walikuja kutoka Oyugis wakitaka boksi kama lile. Wakaja wa Migori pia. Wote akawajibu namna moja:

"Haitoki Kosele mpaka iwe na karatasi yenye jina langu."

Kijana mmoja wa kompyuta alimjazia ombi, likaenda Nairobi. Pakapita muda wa kutosha mtu kusahau, ila Onsongo hakusahau.

Siku moja simu ikalia kibandani. Simu yake ilikuwa imekufa upande wa sikio, kwa hiyo aliipokea kwa spika, mbele ya Milka, kinyozi, na watu waliokuwa wakingoja unga.

"Naongea na Mzee Onsongo?" Sauti ya msichana, laini, ya ofisini. "Nakujulisha kwamba ombi lako limefika hatua ya eksamineshoni."

"Ya nini?"

"Eksamineshoni, mzee. Yaani..." Msichana akatafuta neno, na kwa wema wake wote akapata lile lisilofaa. "Yaani mtihani."

"Mtihani?"

"Ndiyo. Ukiwa tayari, mtahini atakuuliza maswali machache kwa video. Asante na uwe na siku njema."

Akakata. Watu wa unga wakatazamana.

"Wuoi!" Milka akashika kiuno. "Jaduong', utafanya mtihani? Na miguu hiyo utaiingiza dawati gani?"

"Watanipa kiti," Onsongo akasema, akiitazama miguu yake.

Kabla jua halijageuka, Kosele yote ilijua kwamba Onsongo ni mtahiniwa.

Sasa mtu wa kwingine angeweza kucheka, lakini pale kwetu mtihani si jambo la mchezo. Mtihani una ibada zake. Kwanza akaja Mwalimu Momanyi, mwalimu mstaafu, Mkisii mwenzake, aliyekuwa akimwita "bwana Onsongo" miaka yote. Siku hiyo alimwita "Onsongo" tu, na alikuwa na fimbo.

"Utaanza tuisheni kesho asubuhi," akasema.

"Mwalimu, lakini hii ni ya mota."

"Mtihani ni mtihani. Wanaanza na mota, halafu wanakugeuzia kusoma ramani. Nimewafundisha watoto wangapi waliofeli kwa sababu ya ramani?"

Basi Onsongo akawa anakaa chini ya mabati ya Momanyi akijifunza mashariki na magharibi, sehemu na desimali, na mambo ya ufugaji wa nyuki. Aliandika insha yenye kichwa "Siku Ambayo Sitaisahau", akaielezea siku alipopigwa na umeme mjini Oyugis. Momanyi akamkata alama kwa sababu hakuanza kwa kusema jua lilikuwa limechomoza.

"Lakini ilikuwa inanyesha, Mwalimu."

"Katika insha hainyeshi mpaka aya ya pili."

Halafu zikaja kadi. Wenye maduka walikuwa wanatafuta mtahiniwa yeyote, na hapa palikuwa na mmoja ambaye hata mwaka uliofuata angeweza kurudia. Kila mtu alimnunulia. Zilikuwa zile zile za darasa la nane, zenye picha ya mtoto aliyekumbatia vitabu katikati ya maua, na wimbo mdogo unaolia ukifungua. *Mtoto wetu mpendwa, tunajua utatufanya tujivune.* Milka alimwandikia: *Ukipita, mimi nasaga bure siku nzima. Ukianguka, bado mashine ni yangu.* Kinyozi alimwandikia jina tu na namba ya simu. Priscah alizipanga zote ukutani juu ya meza, na upepo ukiingia zinaanza kuimba, moja inaanza kabla nyingine haijamaliza.

Sabato iliyofuata mchungaji aliwaita watahiniwa mbele waombewe. Wakatoka watoto wa darasa la nane kwa sweta zao, na katikati yao akapiga magoti mzee mwenye upara, ameshika penseli kama wao. Priscah ndiye aliyekuwa akifasiri sala. Mchungaji alisema, "Bwana, uwape kumbukumbu." Priscah akasema kwa Dholuo kumbukumbu, kisha kwa Ekegusii akaongeza, "Na huyu mkubwa, umpe pia mahali pa kuweka magoti." Wazee wa Kisii wote wakakohoa.

Kilichobaki katika ibada za mtihani ni likeji, ile karatasi inayovuja kabla ya siku. Hiyo nayo ilikuja, kwa mlango wa Migori.

Migori kulikuwa na mfanyabiashara wa vipuri, Mwikwabe, Mkuria mcheshi ambaye duka lake liliuza kila kitu chenye waya. Kapasita za Mkalimani zilitoka kwake. Kaunta yake ilikuwa na vumbi la heshima, na mwisho wa kaunta, juu ya boksi moja la kijivu la chuma, ilikuwa thamosi yake ya chai. Hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza thamosi hiyo. Mwikwabe alisema kimo kile ndicho mkono wake ulichokizoea.

"Mzee wangu, nimesikia," akasema, akammiminia Onsongo chai. Akapunguza sauti. "Kuna mtu wa ndani. Maswali yapo."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mwikwabe."

"Na mimi sikusema uyajibu. Nimesema uyaone tu. Malipo utanifungia koili ya pampu yangu ya maji, basi."

Onsongo alikunywa chai yote kabla hajanyoosha mkono. Karatasi ilikuwa imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Aliifungua nyuma ya duka, akasoma swali la kwanza: *Taja faida tatu za umeme katika jamii.* Akaikunja haraka, akaitia kwenye soksi. Hakusoma zaidi. Kama angesoma zaidi angeona kwamba juu ya karatasi, chini ya mstari wa kalamu, bado palisomeka: *Sayansi, Darasa la Saba*.

Nyumbani hakumwambia Priscah. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akitembea kama mtu mwenye jiwe kiatuni.

Siku yenyewe ilifika. Mtandao wa Kosele ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo walikwenda Migori, kwenye saiba ya binti mmoja aitwaye Valentine, mlango wa pili kutoka duka la Mwikwabe. Onsongo alivaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, kama sheria inavyotaka: penseli mbili, kifutio, rula, kitambulisho. Priscah alikuja kwa sababu mtahini angeweza kutumia Kiingereza, na Kiingereza cha Onsongo kilikuwa kile kilichoandikwa kwenye mota: volti, ampea, made in. Boksi la Mkalimani walilibeba ndani ya kikapu cha nyanya.

Uso ukatokea kwenye kompyuta. Mwanamke wa makamo, miwani, sauti tulivu. "Habari zenu. Naitwa Dorine, mimi ndiye ninayechunguza ombi lako."

Onsongo akasimama wima. "Shikamoo madam. Tunaruhusiwa kugeuza karatasi?"

"Karatasi gani, mzee?"

Priscah akaingilia, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Anauliza kama aanze kuandika."

"Hakuna kuandika. Ni mazungumzo tu."

"Ni ya mdomo," Priscah akamnong'oneza mumewe. "Weka penseli."

Dorine akaanza taratibu. Akauliza boksi linafanya nini, na Onsongo akaeleza, na alieleza vizuri, maana hapo alikuwa nyumbani. Akaeleza fezi moja na fezi tatu, akaeleza jinsi mota inavyoinuliwa polepole, akaeleza kinyozi na mzee wa nusu nywele. Dorine akacheka mahali pa kucheka. Onsongo akaanza kuona jina lake likiwa chini ya muhuri.

"Umeeleza vizuri sana, mzee," Dorine akasema. "Sasa, sheria inataka kitu kiwe kipya. Na si kipya Kosele. Kipya duniani. Kwa hiyo kazi yangu ni kutafuta kama kuna mtu mwingine, popote, aliyekwisha kukieleza. Naomba utazame hapa."

Uso wake ukaondoka, ikaja michoro. Mmoja, wa pili, wa tatu. Maandishi ya lugha ambazo Priscah hakuweza kuzifasiri kwa lugha yoyote. Lakini michoro haikuhitaji mkalimani. Pale palikuwa na fezi moja inaingia. Pale palikuwa na fezi tatu zinatoka. Mpangilio ule ule, kapasita mahali pale pale. Mchoro wa tatu ulikuwa hata na mapezi ya ubavuni.

"Huu wa mwisho," sauti ya Dorine ikasema, "ni wa mtu wa ng'ambo. Aliuwasilisha wewe ukiwa hujaanza shule. Unaona unavyofanana na wako?"

Onsongo aliona. Na mtu yeyote aliyekulia mahali ambapo mtihani ni mtihani, anajua maana ya karatasi mbili zinazofanana. Karatasi mbili zikifanana hawafuti mtu mmoja, wanafuta kituo kizima cha mtihani. Aliwaona tayari, kwa macho ya moyo, watoto wa darasa la nane wakirudishiwa matokeo yaliyopigwa mstari, na Momanyi akihojiwa na polisi juu ya nyuki. Akainama, akavua kiatu.

"Baba Bitutu, unafanya nini?" Priscah akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Madam," Onsongo akasema, ameinua ile karatasi ndogo mbele ya kompyuta, "nasema ukweli mbele ya Mungu na mke wangu. Likeji niliipokea. Lakini nilisoma swali la kwanza peke yake, na huyo mzungu wa kwenye mchoro simjui, hatujawahi kukaa dawati moja. Msifute Kosele. Nifuteni mimi."

Valentine alikuwa ameacha kuchapisha. Kisha picha ya Dorine ikazimika, ikakaa muda ikiwa nyeusi, na iliporudi alikuwa amevua miwani na macho yake yalikuwa na maji.

"Samahani, mtandao," akasema. Akafuta macho. "Mzee, nani alikwambia huu ni mtihani wa shule?"

"Walipiga simu."

"Si wewe unayechunguzwa. Ni boksi. Na hakuna anayesema ulinakili, nimesoma ombi lako lote na naona ulifika peke yako kwa akili yako. Lakini hataza hatumpi mtu kwa kufika peke yake. Tunampa aliyefika wa kwanza."

Onsongo akamgeukia mkewe, ingawa maneno yalikuwa ya Kiswahili na alikuwa ameyasikia. Kuna mambo mtu huyasikia vizuri zaidi kwa mkalimani wake. Priscah akayatoa kwa Ekegusii, sentensi moja tu, bila kuongeza chumvi, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu:

"Anasema umefika karamuni, lakini sahani zimeshaoshwa."

"Mwambie nimeelewa," Onsongo akasema.

"Naweza kukuandikia sababu zangu rasmi, na una haki ya kujibu," Dorine akasema. "Kuna swali lolote?"

Onsongo alikuwa na swali. Lilikuwa limemjia akitazama yale mapezi. Akauliza, polepole, kwa Kiswahili chake: kama huyo mtu aliijua dawa hii tangu mimi sijaanza shule, mbona sisi tulizimiwa taa miaka yote hiyo? Nani alipaswa kutuambia?

Dorine alivaa miwani. "Ni swali zuri, mzee," akasema, na ilionekana hakusema hivyo kwa adabu tu. "Lakini liko nje ya uchunguzi huu."

Wakamshukuru, Valentine akazima kompyuta. Onsongo alivaa kiatu. Mfuko wa penseli aliuacha pale mezani kwa mtu mwingine mwenye mtihani.

Walipita dukani kwa Mwikwabe kurudisha ile karatasi, maana Priscah alisema haingii nyumbani kwake. Alikuwa amekasirika kwa lugha tatu na alikuwa akichagua ataanza na ipi. Mwikwabe akawapokea kwa furaha.

"Mzee wangu! Maswali yalitoka?"

Onsongo alikuwa anatazama mwisho wa kaunta. Thamosi ilikuwa pale, na chini ya thamosi lile boksi la kijivu, na ubavuni mwa boksi, chini ya vumbi, mapezi.

Akaisogeza thamosi.

"Weka hapo," Mwikwabe akasema, "hiyo ni mahali yake."

Onsongo akapangusa vumbi kwa mkono wa suti ya watu. Palikuwa na sahani ndogo ya chuma yenye maandishi ya kigeni, na katikati ya maandishi hayo alama ambazo fundi yeyote wa mota anazisoma: fezi moja, mshale, fezi tatu.

"Hii imekuwa hapa tangu lini?"

"Hiyo? Ilikuja na mzigo, zamani, kabla hata sijapanua duka. Nilidhani ni stebilaiza ya friji. Karatasi yake ilikuwa ya lugha sijui gani, watoto wakaitengenezea ndege ya kurusha. Hakuna mtu aliyewahi kuiulizia." Mwikwabe akatazama boksi, akamtazama Onsongo, akaangalia kikapu cha nyanya ambamo mapezi ya Mkalimani yalikuwa yakichungulia. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, alikosa mzaha. "Wanafanana," akasema.

"Ndugu kabisa," Priscah akasema.

Mota ya Milka ilikuwa imengoja chini ya gunia, na jibu lake lilikuwa Migori likibeba chai. Onsongo alicheka, akacheka mpaka akaketi kwenye kasha la balbu, na Priscah naye akacheka akasahau lugha ya kugombezea. Mwikwabe aliwamiminia chai. Alipotaka kurudisha thamosi hakujua aiweke wapi, akabaki ameishika mkononi.

Kosele walipokea habari kama wanavyopokea matokeo mabaya. Milka alisaga bure nusu siku, akasema hiyo nusu ni ya kujaribu. Momanyi alisema ni ramani. Alisema tangu mwanzo. Kadi zilibaki ukutani zikiimba upepo ukiingia, maana Priscah alikataa kuzitoa. Alisema zimenunuliwa kwa mapenzi na si kwa matokeo.

Onsongo aliwapigia simu wale wa Oyugis na wale wa Migori. Aliwaambia waje, kwa kuwa kitu ambacho si cha mtu hakina sababu ya kufungiwa. Aliwatengenezea, na kila boksi aliliandika MKALIMANI kwa brashi, na hakuandika jina lake chini. Siku hizi kuna mashine za kusaga kutoka Kosele hadi karibu na mpaka ambazo huamka polepole, na vinyozi wanaomaliza vichwa.

Swali lake ndilo lililobaki bila kazi. Alilipeleka kwa Momanyi, naye akasema halimo katika silabasi. Alilipeleka kwa mchungaji, akaahidi kuliombea. Yule mheshimiwa wa Homa Bay alipokuja Kosele kuzindua choo cha soko, Onsongo alisimama katikati ya watu, Priscah kando yake tayari kufasiri, na akaliuliza kwa sauti ya mtu asiyetafuta ugomvi. Mheshimiwa alitabasamu, akasema wataunda kamati, akapiga picha naye tena, akaingia garini. Vumbi lilipotua Onsongo bado alikuwa amesimama pale, na swali lenyewe lilikuwa hili tu: kitu kilijulikana duniani tangu sijaanza shule, kikasafiri baharini, kikafika mpaka Migori kikawekewa thamosi, sasa kutoka Migori kuja Kosele, ilikuwa kazi ya nani kukileta?